Baba Mkwe na Taima ya Chooni

Shoga, nimejifungia jikoni nacheka hadi mbavu zinauma. Kaka katuaibisha!

Si unajua leo baba mkwe wake mtarajiwa alikuwa anakuja kumkagua? Basi kaka kajitengenezea kifaa cha kupuliza manukato chooni. Ndani kaweka chipu yenye taima: ihesabu dakika kumi, ipulize mara moja.

Sasa wakati wa kujaribu, nani akae dakika kumi akisubiri? Akaipunguza ihesabu sekunde moja. AKASAHAU KUIRUDISHA.

Mzee kaingia. Fyuu. Fyuu. Fyuu. Kila sekunde, shoga. KILA SEKUNDE! Tunasikia chafya, halafu sauti: "Nani huyo humu ndani?"

Kaka kijasho chembamba kinamtoka. "Vumilia, baba, nazima umeme!" Akazima. Sasa mzee yuko gizani, anapapasa kitasa.

Katoka macho mekundu, ananukia kama bibi harusi. Kaka kapiga magoti, kaungama yote, mpaka hesabu za taima.

Mzee akajifuta uso taratibu.

"Binti nakupa. Ila tarehe ya harusi nitapanga mimi, wewe usiiguse."