Posa Iliyoliza Mashangazi

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie, posa yangu imegeuka msiba. Mimi nauza sementi Kinyerezi, chuo sijakanyaga, ila kila Jumamosi nakwenda Temeke barazani kwa Bi Mwamvita, anatusomesha tenzi za kale, bure, na kahawa juu yake, na tangu nianze nimekuwa mtu mwingine kabisa, hata magazeti siyawezi tena, Kiswahili cha humo chepesi mno, basi nilipotaka kumposa Recho nikaona barua ya kawaida ni aibu kwa msomi wa aina yangu, nikatunga beti za lugha ya kale, nikampa mshenga pamoja na mahadhi yake, naye akaghani kwao Recho vizuri mpaka Shangazi Atuganile akajifunga khanga kiunoni akaanza kulia, wenzake wakafuatia, na baba mtu, Mzee Lusungu, akavua kofia, "Poleni jamani. Marehemu ni nani?" Kumbe Bi Mwamvita huanza masomo na tenzi za maombolezo, na sie hatujafika mbali, mahadhi niliyoyajua ni hayo tu. Mzee kasema nilete barua nyingine, na hiyo ikiwa kama ile, binti nimsahau. Recho naye ananiambia, "Mie nilikupenda ukiniuzia sementi, ulikuwa unaongea kama mtu." Nimeshatunga nyingine ndefu zaidi, nyuma nimeweka maana ya maneno magumu. Niitume, au nitafute wakwe waliosoma?

Isack, Kinyerezi

Isack, marahaba. Pole kwanza, kusemwa kunafuata.

Unasoma kwa kupenda, hakuna anayekudai cheti. Wenye digrii wengi raha hiyo waliimaliza siku ya mahafali. Usiiache. Lakini chuo hukukanyaga, maringo yake umeyapata wapi? Maombolezo hujayamaliza, ushajipa uprofesa! Tena unasema wakwe hawajasoma. Walisikia kilio, wakalia. Wao walielewa, bwana. Ambaye hakuelewa alichoandika ni wewe.

Hizo beti mpya mpelekee Bi Mwamvita azikosoe. Shangazi Atuganile mnunulie khanga, ile kailowanisha kwa ajili yako. Mshenga huyo mpumzishe, sauti yake inafaa mazikoni. Recho akitaka, mpeleke barazani; asipotaka, mwache alale.

Barua iandike leo, mistari mitatu, kama unavyozungumza na mteja dukani: nimekuja, nia yangu hii, naomba. Mzee akikubali, harusini aghani Bi Mwamvita. Wewe kula pilau.