Viatu vya mama havikumuenea

Masika, mujukuu wangu,

Jambo huko Kinshasa. Mama yako ndiye anaandika, mimi ninasema tu, na nimemukataza kunitengenezea maneno. Tuko wazima. Dada yako alizaa binti kule Beni, na maharagi yetu ya Musienene yametoka vizuri, Mungu asifiwe. Ya mengine tuyaache.

Unauliza utuletee kitu gani chenye hatujawahi kuona. Sikia.

Nilipokuwa binti, nilienda Butembo mara ya kwanza. Nilitaka mama yangu aingie ku ubatizo wa ndugu yangu na viatu, yeye mwenye hakuvaaka viatu hata siku moja. Nikapima muguu wake na kamba ya mugomba. Mais lakini kamba ilikuwa mbichi! Jua la njiani likaikausha, ikawa fupi, na mimi mujinga sikujua. Viatu nilivyorudi navyo, hata vidole havikuingia vyote.

Nililia sana. Siku ya ubatizo mama akaingia kanisani miguu wazi, viatu amevibeba juu mu mikono.

"Mama, batu banacheka!"

"Bacheke. Mutoto wangu alibeba kipimo cha muguu wangu mpaka Butembo. Wao, nani aliwabebea?"

Mpaka leo ninamushukuru juu ya lile jibu. Donc basi, hapana kuniuliza tena. Tembea mu soko, na kitu kikikukumbusha mimi, leta. Kisiponienea, nitakibeba mu mikono.

Koko yako,
Kavira