Mwanao Amelala Pujini

Pujini, Pemba
Jumapili, 18 Agosti 2024

Kwa mama yangu, Mama Petronila,
Rombo.

Shikamoo mama. Natumai barua hii inakukuta una nafuu, na kwamba goti lako halikusumbui sana kwa baridi ya huko. Baba mdogo Derick alituambia kuwa tangu msiba hupandi tena shambani wala huendi sokoni. Nimekuwa nikikuombea kila swala, hata kama najua kwa sasa dua ya mtu wa Pujini huenda isikufurahishe.

Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama yangu, Bi Moza, anakusalimu sana, na ndiye aliyenituma kuandika. Nimejaribu kukupigia simu, mama, lakini kila ukipokea na kusema haloo, sauti yako ni ya Petronila mtupu, nami nashindwa nakata. Unisamehe kwa simu zile. Padri Emmanueli, mlezi wetu wa chuo, anasafiri kwenda Moshi wiki hii na amekubali kukuletea barua hii mwenyewe mkononi. Hakuuliza imeandikwa nini.

Nianze na habari za chuo, maana najua Petronila alikuwa akikusimulia kila Jumapili. Matokeo yametoka. Katika masomo aliyowahi kuyafanyia mtihani ametuacha wote, hata Falsafa ya Maadili ya Padri Emmanueli, somo ambalo sisi wengine tunalivuka kwa kushikilia roho. Mimi nimepata sapu moja, ya Historia, nitarudia mtihani. Petronila angenicheka mpaka akalie sakafu. Yeye ndiye aliyekuwa akiniamsha kusoma, akiniambia nikidisko, nikifukuzwa chuo kwa kufeli, nitaishia kuchuma karafuu na kumpikia mume asiyejua kusoma kibao cha dukani.

Mama, sijui kama aliwahi kukueleza vizuri jinsi chuo chetu kilivyo. Ni tawi dogo tu la Mtakatifu Ambrosi, majengo ya ghorofa moja juu ya kilima nje ya Chake Chake, na kanisa ambalo likijaa ni watu arubaini. Wanafunzi wengi ni Waislamu, tumekwenda pale kwa sababu ni karibu na kwa sababu masista hawana mchezo na masomo. Wa kutoka bara walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa wanahesabu siku za kuondoka. Petronila hakuwa hivyo. Alikuja kusoma Kiswahili kwa wenye Kiswahili, hivyo ndivyo alivyosema, na juma la kwanza tu alikuwa anasalimia wauza samaki kwa lafudhi yetu huku akiikosea vibaya. Walimpenda kwa hilo. Kwenye kantini tulikaa meza moja, yeye na rozari yake shingoni, mimi na mtandio wangu, na hapakuwa na aliyegeuza shingo. Ramadhani ya kwanza alisema atafunga nasi siku moja aone. Saa nane mchana alikuwa amelala chini ya feni ya maktaba, anauliza kama magharibi ya Pemba huja mapema kuliko ya kwingine.

Hosteli ilipojaa mwaka wa pili ndipo nilipomleta nyumbani kwetu Pujini. Unakumbuka, mama, kwamba ulitaka kuongea na mwenye nyumba kwanza. Mlizungumza muda mrefu wewe na mama yangu, huyu anasema Kipemba chake na yule anajibu kwa sauti ya mlimani, na mwisho mama akakuambia usiwe na wasiwasi, mwanao ni mwanangu. Nakuomba ulishike neno hilo, maana ndilo lililotufikisha hapa.

Siku ile nilikuwa na mitihani miwili. Petronila alikuwa na mmoja tu, wa mchana, nao tulikuwa tunaufanya pamoja. Nilimwacha anakunywa chai barazani. Alikohoa kidogo, nikamuuliza kuhusu ile dawa yake ya kuvuta mdomoni, akanionyesha ipo mfukoni. Alinicheka kwa kuvaa viatu vya harusi siku ya mtihani. Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho, viatu.

Chuoni simu tunaziacha mlangoni, na baina ya mitihani nilikaa maktaba bila kwenda kuichukua yangu. Mtihani wa mchana ulipoanza, msimamizi aliita jina lake akarudia. Meza yake ilikuwa mbele yangu, tupu. Mimi, Mungu anisamehe, nilijisemea moyoni kwamba leo huyu amelala, leo na yeye anaitafuta sapu. Nikainama nikaandika. Wakati ule alikuwa ameshafungwa sanda.

Nilipotoka nikaona simu nyingi za majirani. Nilifika Pujini wanaume wanarudi kutoka makaburini, wengi kuliko nilivyowahi kuona kwenye maziko ya kijijini kwetu. Walikuja mpaka watu wa vijiji vya jirani. Hawakuwa na nyuso za msiba peke yake, mama, na hilo ndilo lililonitisha. Wengine walinipa mkono wakaniambia hongera. Nikauliza hongera ya nini. Wakaniambia mwenzangu amekufa na imani, ametamka shahada mikononi mwa mama yangu kabla ya kukata roho, ameondoka msafi kama mtoto mchanga. Ndiyo maana wamekimbilia kumzika, kwa sababu kwetu maiti hawekwi, na maiti wa namna ile kila mtu anataka kulibeba jeneza lake.

Yaliyofuata unayajua kwa upande wako. Nakueleza ya upande wetu. Padri Emmanueli alifika jioni na gari la chuo, amekuja kumchukua mwanafunzi wake ampeleke chumba cha maiti akusubiri wewe. Alikuta chai ya msibani. Shehe Hamdan, imamu wetu, alimpokea kwa heshima zote na akamweleza. Padri alisimama pale uani ameshika kofia yake, hakubisha, hakupaza sauti. Alimwuliza mama yangu kama ni kweli. Mama alikuwa amejifunika kanga uso mzima, akatikisa kichwa kwamba ni kweli.

Baba mdogo Derick alipokuja ilikuwa vibaya zaidi. Alisema kaburi limeshachimbwa kihambani, kwenye shamba la ukoo wenu, pembeni ya baba yake Petronila, na kwamba kwenu mtu halali ugenini hata iweje. Wazee walimjibu kwa upole kwamba wanamwelewa, ila Mwislamu aliyezikwa hafukuliwi, na aliyemshuhudia ni mama mwenye nyumba, mtu wa swala tano ambaye hajawahi kushikwa na uongo hapa kijijini. Derick alilia mbele za watu. Mtu mzima yule. Alituambia tumemwiba mtoto wake hai na maiti. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona, na sikujua niione kwa niaba ya nani.

Chuoni nako kumeharibika. Wale wachache wa bara walihama meza yetu. Walisema kama Petronila alisilimu basi alilazimishwa, na kama hakulazimishwa basi alirogwa. Kuna wa kwetu nao waliokwenda kumwambia sista wa maktaba kwamba Mungu ameonyesha, na sista yule, aliyekuwa akimpenda Petronila kama mdogo wake, akafunga maktaba siku mbili. Misa ya kumwombea ilipofanyika nilikaa nje kwenye ngazi, kwa sababu ndani wangeniuliza nimekuja kufanya nini na nyumbani wangeniuliza nilikwenda kufanya nini. Padri alipotoka alikaa karibu nami.

Ndipo ukanipigia wewe, mama. Hukunitukana, ingawa nilijiandaa. Uliniuliza jambo moja tu, je, ni kweli mwanao alikuacha. Hukusema aliacha dini, ulisema alikuacha. Ukasema ulikuwa naye kwenye simu Jumapili ya kabla ya msiba na mlisali pamoja, sasa alikuwa akikudanganya tangu lini. Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na jibu. Mimi nimelala chumba kimoja naye mwaka mzima na sijawahi kumsikia akisema anataka kusilimu. Alikuwa akiniuliza mambo ya dini yetu, nami nikimwuliza ya kwao, kama wanavyoulizana watu wawili wenye akili. Lakini ya mtu na kifo chake mimi nitayajuaje? Nikajiambia pengine ilimjia pale pale. Na mama yangu hasemi uongo.

Sasa nakuja kwenye lililonifanya niandike. Nakuomba ukae, kama umesimama.

Ijumaa iliyopita tulikuwa jikoni, mama anakuna nazi. Tangu msiba amekonda, hali vizuri, na wanawake wakija kumwambia amepata thawabu kubwa huondoka akaingia ndani. Akaniuliza ghafla, Mae ni nani kwa Wakristo? Nikamwuliza Mae yupi. Akasema labda ni jina la mtakatifu wao, au la malaika. Nikamwambia hapana, hivyo ndivyo Petronila alivyokuwa akimwita mama yake, kila Jumapili, akipokea simu neno la kwanza lilikuwa hilo. Mama akaiacha mbuzi ya nazi, akakaa chini kwenye machicha, akalia kilio ambacho hakukilia hata alipokufa baba.

Aliponyamaza alinieleza, nami nakuandikia kama alivyosema, siongezi wala sipunguzi. Nilipoondoka asubuhi ile pumu ilimbana Petronila. Ile dawa ya kuvuta aliitumia ikaisha, haikusaidia. Mama alimtuma mtu kwa Vuai, jirani yetu mwenye gari, na gari lilikuwa limekwenda Kengeja. Alimweka kifuani pake pale mlangoni penye upepo. Petronila alikuwa akipigania pumzi, na pumzi alizozipata alizitumia kusema neno moja, mae, mae. Mama hakulijua. Kila akiitika, Petronila alirudia. Mpaka akaacha.

Hakutamka shahada, mama. Hakutamka kitu kingine chochote.

Wanawake walikuja. Mmoja akaona rozari shingoni, akauliza basi huyu ataoshwa na nani, si wetu, apelekwe hospitali akawekwe mpaka watu wake waje. Wakaanza kurudi nyuma, si kwa ubaya, ndivyo inavyokuwa. Mama anasema aliwatazama wanavyotoka mlangoni, akakifikiria chumba cha maiti, mtoto amelazwa peke yake kwenye baridi, anashikwa na wanaume asiowajua, siku ngapi hizo mpaka kivuko na basi vikulete wewe. Akakumbuka alivyokuambia kwenye simu. Na kwetu mwanao akifa hulali kabla hujamwosha na kumsitiri. Akawaambia wanawake rudini, ametamka, nimemsikia. Wakarudi wanalia kwa furaha. Akamwosha yeye mwenyewe kuanzia kichwani, akamfukiza udi, akamtia karafuu maiti. Anasema alimsuka upya ile misuko mitatu ya pembeni iliyofumuka.

Alidhani anamsitiri mtoto. Hakujua kwamba kwenu kumsitiri ni kumrudisha nyumbani, na hakufikiria kabisa kwamba neno lile litakufikia wewe na kukuambia mwanao amekukana.

Nimemkasirikia, sitakuficha. Tangu Ijumaa nampikia na sili naye sahani moja. Kumsingizia mtu shahada, na maiti hana mdomo wa kukanusha, ni kitu ambacho sijui ataulizwaje mbele ya Mola wake, naye anajua kuliko mimi. Halafu namkuta usiku amekaa mlangoni pale pale, nashindwa hasira niiweke wapi.

Anasema uamuzi ni wako peke yako. Ukimtaka mwanao, atasimama mbele ya Shehe Hamdan, Padri Emmanueli na baba mdogo Derick, aseme kwamba alisema uongo. Akisha kusema, wazee hawatakuwa na neno la kuzuia, na baba mdogo ataombea kibali serikalini. Anajua nini kitampata hapa Pujini baada ya hapo. Hakuna mlango utakaofunguliwa kwake, na wale waliolibeba jeneza watamchukia mpaka kufa. Nami nitakuwa naye, sina pa kwenda. Lakini usituhurumie, mama, ukiamua. Kaburi lipo chini ya mkarafuu mkubwa, nalipalilia kila Alkhamisi, na ukitaka libaki hapo nitalipalilia mpaka nami nizeeke. Ukitaka liwe tupu, nitakuja mpaka Rombo nimsindikize.

Ndani ya bahasha utakuta rozari yake. Mama aliificha kwenye pindo la kanga wakati wa kuosha, akalala nayo chini ya mto mpaka Ijumaa.

Uliniuliza kama mwanao alikuacha, nami nikanyamaza. Sasa nakujibu. Hakukuacha. Alikuita mpaka pumzi ikaisha, na aliyeitika alikuwa mama mwingine, kwa sababu wewe ulikuwa mbali.

Msalimie baba mdogo Derick, mwambie sina kinyongo na maneno yake. Wasalimie bibi na jirani yako mwenye kukukamulia maziwa, Petronila alikuwa akimsema sana. Bi Moza anakushika miguu. Goti ulifunge kitambaa cha moto jioni, usilidharau. Nasubiri neno lako, lolote litakalokuwa.

Ni mimi, kama bado unaniruhusu kukuita mama,

Asya