Unga wa Kumtuliza Suzukaze

Mwanangu Nobuhiro,

Hapa Hidaka theluji inayeyuka, na figili nilizotia chumvi zimekolea. Nitakutumia.

Tangu tumzike baba yako, farasi wake Suzukaze hakutulia. Kila alfajiri, wakati ule baba yako alipokuwa akimpelekea majani, farasi alipiga ukuta mateke mpaka kwato zikavuja damu. Daktari wa mifugo, Bwana Kitamura, akaleta unga wa kumtuliza.

“Mama, mchanganyie kwenye pumba,” akasema. “Na wewe onja kidogo, macho yako mekundu kuliko yake!”

Nilicheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Unga ulifanya kazi. Farasi alisimama kimya, kichwa chini. Ndipo, katika ule ukimya, nikasikia viatu vya baba yako vikikanyaga changarawe hadi mlangoni pa zizi. Vilisimama hapo kila alfajiri, vikingoja kuitikiwa, na farasi hakuitikia.

Jana niliumwaga unga wote. Leo Suzukaze alipiga ukuta, viatu vikaingia ndani, naye akatulia mwenyewe.

Usije kunichukua, mwanangu. Kula vizuri huko Osaka.

Mama yako,
Fusae