Kaunti ya Nasra

Jumapili, 4 Januari

Chai, mkate wa jana, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Kwangu asubuhi, kwa Nasra usiku. Miguu imemvimba. Nimemwambia aitie kwenye maji ya uvuguvugu na chumvi. Akasema ndiyo Mama, na hatofanya, nnamjua.

Akakata simu akalale. Nyumba ikanyamaza. Kiyoyozi nnakiacha kwenye baridi aliyoitaka marehemu baba yake, baridi ambayo nimeigombea umri mzima. Sasa hakuna wa kunigombeza na bado nnavaa sweta.

Eda yangu itaisha mwezi wa tatu. Nasra anajifungua mwisho wa mwezi huu. Hapo ndipo penye mwiba. Uzazi wa kwanza mtu hulelewa na mamake. Mimi mama yangu alinikanda, akanifunga tumbo, akanipikia uji wa pilipili manga mpaka nikamwona adui. Na mimi nimekaa ndani Maskati, mjane, na mwanangu anakwenda kuzaa Marekani katikati ya mahindi. Nna uchungu. Sina mwengine wa kumwambia.

Jumatano, 7 Januari

Wifi kaja na wali wa samaki. Bi Rahma, dada wa marehemu, haji mikono mitupu. Nimemuuliza tena, ingawa nnajua jibu. Eda ni eda, kasema, mjane hasafiri, na hayo unayajua wewe kuliko mimi.

Nnayajua. Wala sitaki kuivunja. Yule mtu alinistahimili miaka yote ile, miezi minne na siku kumi si nyingi kumlipa. Lakini nnataka kwenda. Yote mawili ni kweli na hayapatani.

Nimesomesha jiografia mpaka wakanistaafisha. Basi pahala nisipoweza kufika nitapasoma. Jioni nimefungua ramani ya kaunti yao. Sijapata kuona nchi kama ile. Barabara zote zimenyooka, zinakatana pembe mraba, toka mwanzo wa kaunti mpaka mwisho. Hakuna jabali. Hakuna kona. Mto mmoja mdogo, ndio peke yake unaokwenda unavyotaka.

Jumamosi, 10 Januari

Nimesoma siku tatu. Wenyewe wa asili waliondoshwa. Nchi ikapimwa kwa minyororo, ikakatwa vipande, ikagaiwa kabla walioinunua hawajaiona. Ikaja reli, na kila treni iliposimama pakawa mji: kanisa, ghala la nafaka, skuli. Wajerumani upande huu, Wanorwei upande ule, hawaoani. Kisha mashine zikawa kubwa, mashamba yakawa makubwa, watu wakawa wachache. Vijana wanahama. Kila wakihesabiwa wamepungua. Skuli nne zimekuwa moja.

Nguruwe ni wengi kuliko watu. Nilimsomea wifi hilo, akaacha kutafuna. Akauliza basi mtoto wetu anaishi na nani huko. Nikasema na mumewe. Sikuongeza kwamba Seif ni fundi wa mitambo ya umeme wa upepo, na toka Jumatatu mpaka Ijumaa yuko juu ya minara, kaunti nyengine.

Kuna jambo moja limeninyima raha. Hospitali yao ndogo haina tena wodi ya wazazi. Wanaozaa walikuwa wachache, wakaifunga. Wodi ilipofungwa, wenye mimba wakazidi kuhama. Hospitali ya kuzalia iko mjini, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari.

Jumatatu, 12 Januari

Seif ana shauri. Anataka Nasra ahamie mjini mapema, akae karibu na hospitali kwa rafiki yake, Muomani mwenzake. Mama wa huyo rafiki yuko huko kwa mwanawe, na amesema atamlea Nasra kama bintiye.

Kama bintiye. Nimesoma maneno hayo kwenye simu mara kadhaa. Mwanamke simjui, hanijui, amkande mwanangu miye nipo hai.

Nimemwambia Nasra abaki kwake. Sababu ninazo. Mwenye mimba pevu halazwi kwenye nyumba za watu. Na njia ni tambarare, mstari mmoja, hata kipofu angeendesha. Hapa petu ni majabali. Ukitaka kwenda Qurayyat unazunguka milima, na wadi, bonde kavu la mto, likishuka maji huendi tena, unakaa na gari lako unatazama maji. Kule hakuna wadi wala mlima. Uchungu ukianza watapanda gari, wafike.

Hizo ndizo sababu nilizompa. Wivu sikuutaja.

Ijumaa, 16 Januari

Seif kapiga mwenyewe. Salamu ndefu, pole ya marehemu tena, adabu mpaka inachosha. Nikamweleza habari ya milima na tambarare, kama nilivyokuwa nikieleza darasani. Kisha akasema, "Sawa Mama, usemavyo wewe." Mkwe mwema. Hajapata kunirudishia neno, na tangu nimeingia eda ndiyo kabisa.

Nasra anasema ana jirani, nyumba ya kukabili. Halima. Msomali, anafanya kazi kiwanda cha kuchinja bata mzinga, na wenzake wengi tu, ndio wageni wanaoizuia kaunti isiishe watu. Kakulia Mombasa, kwa hiyo wanaongea Kiswahili. Kamletea mchuzi. Nimeuliza mchuzi wa nini na bizari gani. Nasra akacheka. Sikupenda alivyocheka.

Jumanne, 20 Januari

Mimi mjinga.

Nimeamka nikatazama hali ya hewa ya kwao, kama kila siku. Onyo jekundu, kaunti nzima. Si theluji nyingi. Upepo. Nikarudi kwenye vitabu nitafute maana yake, na maana yake ilikuwepo siku zote, sikuitazama kwa kuwa nilikuwa natafuta milima. Nchi tambarare haina cha kuuzuia upepo. Unakuja toka mbali, unaizoa theluji iliyokwishaanguka, unaisukuma, na mtu haoni mkono wake. Wakulima wa zamani walikuwa wakifunga kamba toka mlango wa nyumba mpaka zizini, mtu akienda kukama asipotee uwani kwake. Wako waliopotea. Walikutwa karibu na mlango.

Nikampigia Nasra. Nikamwambia toka sasa hivi, nenda mjini kwa yule mama. Akasema Mama, barabara imefungwa tangu mchana. Seif? Kaondoka alfajiri kwenda kazini, naye kakwama huko huko. Upepo ulisikika kwenye simu nyuma ya sauti yake.

Nikamuuliza kwa nini Seif hakuniambia. Nasra akasema, "Alijua, Mama. Aliona haya kukukatalia na wewe uko kwenye eda."

Hasira nilizonazo sijui nimtilie nani. Yeye na adabu yake. Mimi na ramani yangu. Miaka yote nimewasomesha watoto wa watu kwamba ardhi usiisome kwa macho ya kwenu.

Jumatano, 21 Januari

Uchungu umeanza. Nasra kaniandikia neno moja tu, Mama.

Gari la wagonjwa haliwezi kutoka mpaka litangulie gari la kusukuma theluji. Gari la kusukuma theluji haliwezi kutoka mpaka upepo upungue.

Halima kavuka. Njia moja tu baina yao, na kaja kashika ua wa huyu na ua wa yule. Kaiweka simu pahala niwasikie. Muuguzi wa Kizungu anasema kwenye simu nyengine, Halima anamtafsiria Nasra, Nasra ananililia mimi, na mimi niko hapa kwenye kochi.

Nimesoma Yasini nikakosea, nikaanza tena. Nimekwenda mpaka mlango wa mbele, nikashika kitasa. Kitasa cha moto, jua la Maskati limekipiga. Nimesimama pale. Hata ningetoka, ningekwenda wapi?

Nasra kapiga ukelele nisioujua. Halima akaja kwenye simu. "Mama, si mimi niko hapa? Wewe omba tu. Kulia tutalia baadaye."

Simu yao ikafa.

Baadaye, Alasiri imeshapita

Wako hai. Wote wawili. Mvulana.

Kazaliwa kwenye zulia la sebuleni, mikononi mwa Halima. Nasra katoka damu nyingi. Upepo ulipungua alfajiri yao, gari likaja nyuma ya lile la kusukuma theluji, wakamchukua. Kaongezwa damu. Halima ndiye aliyenipigia, kwa simu yake. Nikamuuliza mambo kumi, akajibu yote. Nikakata simu bila kumshukuru.

Wifi alikuwa kashaingia. Kanikuta sakafuni. Kakaa na yeye.

Ijumaa, 23 Januari

Seif kafika hospitali. Kaniomba radhi kwa maneno mengi mpaka nikachoka. Nikamwambia miye ndiye wa kuomba radhi, na nimeomba. Nikamwambia pia kwamba siku nyengine mkweo akisema upuuzi, mwambie ni upuuzi. Akasema sawa Mama, usemavyo wewe.

Huyu hatibiki.

Jumapili, 25 Januari

Wamerudi nyumbani. Halima anakuja kabla ya zamu na baada ya zamu. Nimemwelekeza namna ya kumfunga Nasra tumbo. Kasema ameshamfunga. Nikamwambia habari ya uji, pilipili manga iwe nyingi. Akanionyesha sufuria. Nikamwambia mtoto asiogeshwe maji ya moto sana. "Mama, nimezaa sita," kasema, kwa upole.

Nnamshukuru kwa roho yangu yote. Na nnamwonea wivu mpaka kifua kinaniuma. Mambo aliyoyafanya ni yangu. Eda yangu ikiisha, arubaini ya Nasra itakuwa imepita, na hatohitaji kukandwa na mtu.

Nasra anasema nije wakati wa joto, nione mahindi yakiwa marefu. Nimesema inshallah.

Alhamisi, 29 Januari

Jana ilikuwa siku ya saba. Wamempa jina la babu yake. Nasra akanishikia mtoto mbele ya kamera akaniambia mwite, Mama. Ulimi ukagoma. Mimi mume wangu sikumwita kwa jina hata siku moja, si mbele za watu, si chumbani. Ilikuwa Baba Nasra, na kabla ya Nasra ilikuwa "sikiliza". Ndivyo tulivyolelewa. Nikasema mashaallah, nikasingizia mtandao.

Leo asubuhi Nasra alikuwa kachoka, macho yanafumba. Kaiweka simu ubavuni mwa mtoto, akasema nikae naye kidogo, akalala. Kioo cha simu kilionyesha dari ya kwao. Nilimsikia mtoto anapumua, haraka haraka, mara anakoroma. Nikaleta sinia, nikachambua mchele mezani karibu naye.

Alipoanza kulalamika Nasra hakusikia. Mamake amechoka, babake yuko kazini. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa macho.

Nikamwita. Suleiman.

Akanyamaza. Nikamwita tena, na tena, hapa jikoni, mpaka akalala.