Sahihi Siweki

Jumatatu, 5 Mei
Nimeuza matetea stendi, hela nikapeleka benki. Salio limepungua tena, zaidi ya nilichotoa. Nikaingia kuuliza. Dada wa dirishani akanitolea karatasi ya miamala, akanisomea: makato ya mwezi, ya kadi, ya ujumbe wa simu, ya kutoa kwenye mashine, ya kuangalia salio. Yaani hata kuangalia hela yangu mwenyewe nalipia! Niliuliza moja moja mpaka foleni ikaanza kukohoa. Wakohoe. Kuanzia sasa natoa mara moja kwa mwezi, na salio nitalikumbuka kichwani.

Jumatano, 7 Mei
Baba Neema kaja na fomu. Anataka mkopo, dhamana ni nyumba. Anunue alizeti wakati huu wa mavuno, aihifadhi, auze bei ikipanda. Fomu moja ni yangu, ridhaa ya mke. "Weka tu sahihi hapo, Mama Neema, ni utaratibu tu." Ameshachora alama pa kusaini. Nikasema nitasoma kwanza. Amenuna. Ugali kala wote, lakini.

Ijumaa, 9 Mei
Nimesoma mara tatu, sikuelewa. Nikarudi kwa yule dada. Kanieleza polepole, Mungu ambariki. Hati ya nyumba inakaa kwao mpaka deni liishe. Ada ya mkopo na bima vinakatwa juu kwa juu kabla hela haijafika mkononi. Riba inalipwa kwa hela yote, na ile iliyokatwa pia. Alizeti ipande bei, ishuke, rejesho la mwezi liko palepale. Tukishindwa, mnada.

Nikamuuliza, na mimi nikikataa? Akasema bila ridhaa ya mke, nyumba ya familia haiwekwi dhamana. Nimetembea toka mjini mpaka nyumbani Mwankoko nimenyoosha shingo.

Jumapili, 11 Mei
Baada ya ibada shemeji zangu wamenikalisha kikao. Mkubwa wao kasema nafunga riziki ya mume wangu. Nilimpa shikamoo yake, nikampa chai, nikakataa. Nikawauliza nani kati yao ataweka nyumba yake dhamana badala ya hii. Wote wakaangalia vikombe.

Nina hasira. Matofali ya nyumba hii nimeyafyatua mimi nikiwa na mimba ya Neema, mimi na mama mkwe. Hakunipenda yule mama. Na mimi sikumpenda. Tulinuniana huku tunakanyaga udongo, na kuta zikapanda. Amezikwa hapo nyuma, karibu na banda la kuku. Mpaka leo nikipita namsalimia kwa kununa kidogo.

Jumanne, 13 Mei
Mthamini wa benki anakuja keshokutwa kuangalia nyumba. Baba Neema anasema sahihi itafuata tu, mwenyewe nitalainika. Tutaona.

Alhamisi, 15 Mei
Alfajiri nimetoka kulisha kuku. Kaburi halipo.

Nilisimama na kopo la pumba kama mjinga. Pale pa kaburi magunia ya mashudu ya kuku yamepangwa, juu yake turubai. Msalaba nimeukuta umelazwa nyuma ya banda. Baba Neema hakuniangalia usoni. Kasema benki haitaki kiwanja chenye kaburi, mteja wa kununua hapatikani. Ni kwa leo tu. Mama ataelewa.

Mama yake mzazi! Kamfunika kwa mashudu ili apate mkopo.

Nimeburuta magunia mwenyewe, yote. Nikasimamisha msalaba, nikafagia, nikatandika mkeka pembeni, nikakaa kuchambua mlenda. Mthamini akafika na kamera yake, mtu mzima, mpole. Akauliza, "Mama, hapo ni kaburi?"

"Ni mama wa mwenye nyumba. Msalimie."

Akavua kofia. Akaandika, akakunja futi yake, akaaga. Baba Neema alikuwa amesimama mlangoni kama mgeni aliyekosa wa kumkaribisha. Nilimchukia. Nikamwonea huruma. Vyote kwa pamoja, na sikuinuka kwenye mkeka.

Ijumaa, 16 Mei
Haongei. Asiongee. Sahihi siweki.

Jumatano, 21 Mei
Benki imekataa. Sababu mbili, kaburi na ridhaa. Kwa hiyo tuko wawili tuliogoma, mimi na mama mkwe. Nimecheka peke yangu jikoni mpaka machozi.

Gengeni wanasema nimemkalia mume kichwani. Waseme. Nimenunua nyanya zangu, nikadai chenji yangu yote, nikaondoka.

Alhamisi, 29 Mei
Kauza pikipiki yake. Bila kuniuliza, lakini pikipiki ni yake. Kanunua alizeti ya kiasi cha hela hiyo. Nilimwambia aweke magunia nyuma, pana nafasi. Kakataa. Kayaingiza sebuleni. Sasa sebule haina pa kukaa, tunapita ubavu ubavu.

Jumapili, 1 Juni
Nimemkuta nyuma ya banda na kopo la rangi nyeupe, anapaka msalaba. Nikamshikia kopo.

Baadaye kasema, "Tangu siku ile nilikuwa naona aibu kupita hapa." Nikaingia ndani nikachukua ile fomu, bado ina alama yake pa kusaini. Nimeikunja nikawashia jiko. Aliona, akasogeza sufuria.

Sebuleni hapaingiliki, kwa hiyo chai tumenywea huku nje, kwenye mkeka. Kuku wanatuzunguka. Rangi haijakauka.

Leo nimemsalimia mama mkwe vizuri, bila kununa.