Kidole Gumba cha Mama Ndani ya Maji

Mama yangu, Mama Asha,

Meli imesimama Kalemie. Naanza na hilo kwa sababu najua ungenikatiza salamu ili uniulize. Jumamosi iliyopita, saa moja asubuhi, ile meli ya watalii inayotoka Kigoma ilifunga kamba bandarini kwetu na kukaa mpaka saa sita. Watu watano walishuka kuja kupiga mbizi nami, watu ambao maishani mwao hawakuwahi kuvuta pumzi chini ya maji. Wote walirudi melini wazima kabla ya honi. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kigoda chako, kile cha kuanikia ndakala, dagaa wetu wa ziwani, na tangu asubuhi nacheka peke yangu, dada zangu wananiangalia tu.

Unakumbuka ilivyoanza? Nilikuwa nimerudi kutoka Kigoma, huko nilikojifunza kazi hii, nikiwa na chupa sita za hewa na kiburi kingi. Nilichukua ubao, nikaandika kwa rangi ya buluu, herufi kubwa: TUNAZAMISHA WANAOANZA. Nikausimamisha mlangoni na kukuita uje kuona. Ulivaa miwani yako, ukasoma taratibu, ukasoma tena. Kisha ukaniuliza, "Asha mutoto wangu, njo nini hii? Unatangazia bantu kama utabauwa?" Ukacheka mpaka ukatafuta pa kukaa. Jirani zetu walikuja, ukawasomea na wao. Tangu siku ile ukanibandika jina, Muzamishaji, na hata msikitini wanawake wenzako walikuwa wananiulizia kwa jina hilo.

Wewe ndiye uliyenipa maneno mengine. Ulisema umeuza samaki miaka yote hiyo, wabichi na wakavu, umewapanga, umewageuza juani, umewafukuzia nzi, lakini hujawahi kumwona hata mmoja akiwa kwake. "Miye nabajua wakiwa wamekufa tu," ulisema. Basi tukafuta, tukaandika: NJOO UWAONE SAMAKI NYUMBANI KWAO. Ubao huo bado upo. Rangi imefifia kidogo upande wa jua.

Nisiwafiche wanaosoma barua hii kwamba uliliogopa ziwa. Lilikujua mpaka magotini tu. Ulifua humo, uliosha samaki humo, ulisafiri juu yake mara nyingi kwenda Moba na magunia yako, lakini baada ya ile safari ambayo boti lilijaa maji na mkaambiwa mtupe mizigo, hukuingia tena zaidi ya magoti. Ndiyo maana nilishtuka siku ile niliyokuja nyumbani nimevunjika moyo. Nilikuwa nimetoka kuzungumza na msimamizi wa safari za meli. Aliniambia atanipa nafasi moja tu ya kujaribu: abiria mmoja akichelewa honi, au akipandishwa melini analia, Kalemie inafutwa kwenye orodha yao na kazi hiyo itafanyika mji mwingine. Nilikueleza haya ukiwa unachambua mchele. Hukuinua kichwa. Ulisema, "Basi anza na miye. Kama miye mama yako nazama na narudi, hakuna muntu atashindwa."

Tukapanga pamoja, na mimi niliyekuwa na cheti cha Kigoma nikawa mwanafunzi wako. Mpango wangu ulianza pale meli inapofika. Uliutazama ukauliza, "Kwa nini unahesabu kutoka mwanzo? Meli haingoje muntu. Hesabu kutoka honi, rudi nyuma." Ndivyo ulivyokuwa ukifanya na boti la Moba. Kwanza ulijua saa ya kuondoka, halafu ukajua saa ya kufunga magunia, mwisho ndiyo ukajua saa ya kuamka. Basi tukahesabu. Honi saa sita. Saa tano na nusu wawe wameshakanyaga bandari. Saa tano kamili mtu wa mwisho awe ametoka majini. Kila mtu kina kisichozidi urefu wa nyumba yetu, kwenye miamba, mbali na mdomo wa mto Lukuga na tope lake, kabla upepo wa mchana haujainua mawimbi. Mwenye mafua asiingie. Mwenye ugonjwa wa moyo anywe chai ufukweni na asione aibu. Nilipomaliza kuandika ukasema bado. "Weka nusu saa ya kukosea. Bantu banasahau viatu." Nikaiweka, na kwenye daftari langu niliiandika hivyo hivyo: nusu saa ya Mama.

Halafu ikaja asubuhi yako. Papa Ngoy, mwenye boti, alikuwa amejigeuza akatazama milima kwa heshima wakati nakuvalisha. Ulikataa kuvua kitenge, tukakifunga juu ya lile vazi la mpira. Nilipochukua mkanda wenye vipande vya risasi, ule wa kumsaidia mtu ashuke, nikakuambia, "Mama, sasa nakufunga mkanda wa risasi," uliinua mikono yote miwili. "Mukanda wa risasi? Miye nakuwa askari? Naenda kupigana na samaki?" Papa Ngoy alisahau heshima yake akacheka mpaka boti likayumba.

Nilikufundisha mambo matatu tu: usizuie pumzi hata kidogo, bana pua na usukume hewa masikio yakiuma, na ishara za mikono. Ishara nilizirudia mara nyingi. Duara la kidole gumba na cha shahada maana yake niko sawa. Kidole gumba kikielekea juu maana yake nataka kupanda. Uliitikia kila mara, "Nimesikia, nimesikia," kama unavyomwitikia mteja mwenye maneno mengi. Ukasema Bismillahi, ukanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua unayo, tukashuka.

Tulipofika kina cha urefu wa mlango, ukanionyesha kidole gumba juu. Nikakupandisha mara moja. Nilikutoa kile kifaa cha kupumulia mdomoni, nikakuuliza, "Mama, kuna nini?" Ukanikodolea macho. "Mbona umenitoa? Nilikuwa nakuambia ni nzuri!"

Tukashuka tena. Ukaona wale samaki wadogo wenye milia, na kidole kikaruka juu. Nikakupandisha. Ukagomba. Tukashuka mara ya tatu, na hapo ukamwona samaki jike akifungua kinywa na watoto wake wote wakaingia ndani. Ulinishika bega ukanitikisa kwa hofu, ukidhani amewala. Nikakuonyesha usubiri. Tulisubiri. Akafungua, wakatoka mmoja mmoja. Mama, nilikuona ukilia ndani ya miwani ya maji, na mkono wako ukapanda polepole, kidole gumba kimesimama wima. Nami nikakupandisha, kwa sababu sheria ya kazi yangu haina mjadala: anayeomba kupanda hupandishwa, maswali baadaye. Kule juu ulikasirika kwelikweli. "We mutoto! Kila nikifurahi, wewe unanitoa!"

Ulirudia kisa hicho kwa kila mgeni aliyekanyaga nyumbani. Ulikuwa unakiigiza umekaa, mashavu umeyajaza hewa, na mimi ndiye niliyekuwa mjinga wa hadithi. Nilikubali, kwa sababu ulisimulia vizuri kuliko ilivyotokea.

Mwaka jana, kabla ya mvua, ulilala kitandani na maneno yakakuisha. Hilo sitalirefusha. Siku ya mwisho nilikaa upande wa dirisha, mama mdogo upande wa pili. Ulinitazama, ukatoa mkono chini ya shuka, ukaniinulia kidole gumba. Mama mdogo akasema, "Umeona? Anasema iko sawa." Nikatikisa kichwa kwamba nimeona. Lakini mimi ni mzamiaji, Mama, na wewe ulikuwa mwanafunzi wangu. Nilikaa miezi mingi najiuliza kile kilikuwa kidole cha nchi kavu au kidole cha majini. Kama ulikuwa unaniambia uko sawa, alhamdulillahi. Kama ulikuwa unaniomba nikupandishe, mimi nilibaki nimekaa kwenye kiti nimekushika mguu. Hilo lilinila. Sikumwambia mtu, hata dada zangu watalisoma hapa kwa mara ya kwanza.

Sasa nikurudishe Jumamosi. Wanne wa kwanza walikwenda vizuri, wawili wawili. Mmoja alisahau viatu kwenye jiwe, kama ulivyoniambia. Wa mwisho alikuwa mwalimu mstaafu, mwanamke wa umri wako, Mwalimu Rehema wa Kigoma, aliyekuja na kilemba na maswali. Alitetemeka mpaka maji yalipomfikia kidevuni. Nilirudia kumfundisha ishara mara nne, naye akaitikia kama wewe, "Nimesikia, mwanangu, nimesikia." Tukashuka. Kwenye mwamba wako, pale ulipomwona yule samaki jike, samaki wakatokea, na yule mama akainua kidole gumba.

Nikampandisha. Nilikuwa nawaza msimamizi aliyesimama ufukweni na saa yake, nawaza abiria analia, nawaza Kalemie inafutwa. Nikamtoa kile cha mdomoni. Mwalimu Rehema alipumua, akanitazama kwa hasira za darasani. "Mbona umenipandisha? Si nilikuwa nafurahi!"

Mama, nilicheka, halafu nikalia, yote mawili yakiwa yamechanganyika na maji ya ziwa. Mwalimu wa watu akaanza kunituliza mimi, ananipapasa mgongo juu ya chupa. Msimamizi alipiga kelele kutoka ufukweni, "Kuna shida?" Mwalimu akamjibu yeye mwenyewe, "Hakuna! Anataka kunirudisha, subiri!" Nikatazama saa. Nusu saa yako, ile ya kukosea, ilikuwa imebaki yote, haijaguswa. Tukarudi chini.

Alikaa pale kwenye mwamba robo saa nzima. Nilimwacha afurahi, na mara hii alikumbuka kufanya duara. Wote watano walikuwa bandarini mapema, wamekunywa chai ya tangawizi na mandazi ya dada zangu, na msimamizi alinishika mkono akasema meli itarudi baada ya mwezi, niandae chupa zaidi. Mwalimu Rehema alisimama juu kwenye ukingo wa meli mpaka honi ikalia. Akaniinulia kidole gumba. Akajikumbuka, akakishusha haraka, akafanya duara, halafu akacheka akainua vyote viwili.

Nilibaki kwenye ukuta wa bandari mpaka meli ikawa ndogo. Nilikuwa nakukosa, na nilikuwa na furaha, na sikuona haja ya kuchagua. Kwako wewe, Mama, ile ishara haikuwahi kuwa na maana moja. Ulipofurahi ulikiinua kidole, na kila ulipokiinua ulipandishwa. Siku ile ya mwisho mimi sikuweza, nilikuwa nimekaa tu. Lakini ulipanda, Mama. Aliyekupandisha hakuhitaji kuuliza ulimaanisha nini.

Pumzika salama. Kigoda chako nakitunza, ndakala naanika vibaya kama ulivyojua, na nusu saa yako iko kwenye kila mpango.

Binti yako wa kwanza,
Asha, Muzamishaji wa bantu
Kalemie